Msimlaumu bibi aliyeshika rimoti, kagueni waya wa dishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatetee watu ambao hawatakuandikia wenyewe: wazee wetu wanaosingiziwa majumbani kwamba wanaharibu ving'amuzi. Naanza na mama yangu mzazi, kwa sababu mimi mwanawe nilikuwa miongoni mwa waliomsingizia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka 34, na sasa naishi Uru, Moshi, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, tulichoachiwa na baba, namuuguza mama. Ana miaka 86. Masika ya mwaka jana aliteleza kwenye kijia cha migombani, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, lakini mwendo wake sasa ni kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani, basi. Mwanamke aliyekuwa akishuka sokoni Kiborloni na kikapu kichwani, akauza, akanunua, akapanda tena mlima, dunia yake leo ni chumba kimoja.

Wadogo zangu walioko Dar es Salaam wakachangishana. Wakamnunulia televisheni ya inchi 24 na king'amuzi chake mwenyewe, cha aina ileile ya kile cha sebuleni, ili asiwe mtu wa kuomba. Sebuleni kuna wajukuu watatu, kuna Simba na Yanga, kuna tamthilia. Mzee hapati zamu. Na anachotaka mama si kingi: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, Misa ya Jumapili, na rozari pale inaporushwa.

Fundi alikuja na hakumaliza hata saa moja. Dishi lilikuwepo juu ya bati tangu zamani. Akapanda darini, akaukata ule waya ulioshuka kutoka dishini, akafunga kidude cha chuma chenye tundu moja upande huu na mawili upande ule, wanakiita spilita. Waya mmoja ukaenda sebuleni, wa pili chumbani kwa mama. Akawasha vyote viwili, picha zikatokea. Tukamlipa shilingi 50,000, tukamshukuru, akaondoka na mkungu wa ndizi.

Tangu wiki ile hatukuwa na amani. Jumapili mama anaita: "Misa imekatika." Unakwenda unakuta kioo kimeandika hakuna mawimbi. Mjukuu anachukua rimoti, anapekuapekua, chaneli nyingine zipo, ile ya Misa haipo. Baada ya muda inarudi yenyewe. Jioni nyingine kilio kinatoka sebuleni: tamthilia imekatika katikati, na ukiangalia chumbani, mama anatazama chaneli yake bila tatizo. Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Bibi kabonyeza tena." "Bibi anatubadilishia kutoka huko chumbani." Mkubwa wao akamchukulia rimoti, akamwachia chaneli moja na kumwambia asiguse kitu.

Na mimi, Mhariri, niliingia chumbani nikamwambia mama yangu, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa watoto wa darasa la kwanza, "Mama, acha kubonyezabonyeza." Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, mimi sijabonyeza kitu. Nimeishika tu."

Rimoti ilirudishwa kwake baada ya siku mbili, lakini hakuigusa tena. Nilipokuwa natandika kitanda niliikuta chini ya mto, ameifunga kwenye leso yake ya kanisani, vifundo viwili, kama mtu anavyofunga hela. Wiki tatu nzima alikaa na televisheni imezimwa. Akiulizwa anasema macho yanamuuma.

Nilimpigia fundi yule simu. Mara ya kwanza akasema mlima ndio unaozuia mawimbi. Mara ya pili akasema mzee amevuruga mipangilio, tumnyang'anye rimoti. Lile la pili lilinichoma, lakini la kwanza ndilo lililoniamsha, maana mlima naujua.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini yetu. Ukisimama kwenye uwanja wetu asubuhi yenye anga safi, kilele chote, pamoja na mita zake 5,895, hakifiki hata nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, kwa sababu kiko mbali kuliko macho yanavyodhani. Dishi letu linatazama magharibi. Satelaiti linayoifuata iko juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, kilometa karibu 36,000 kutoka ardhini, nasi tuko kwenye nyuzi 37. Kwa mtu aliyesimama Uru, satelaiti hiyo iko upande wa magharibi, nyuzi kama 54 juu. Unaweza kuzuiwa na mgrivelia wa jirani au mparachichi uliorefuka, lakini si na Kilimanjaro. Watu wa Kibosho, Machame na Marangu wameambiwa uongo huu miaka mingi, wamehamisha madishi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine wakiukimbia mlima usiowazuia.

Basi nikafanya nilichokuwa nikiwafundisha watoto. Nikachukua daftari, nikapiga mistari: siku, saa, sebuleni wanaangalia nini, mama chaneli gani, inaonekana au haionekani. Siku tisa niliandika. Nanukuu mistari michache kama ilivyo: "Jumatano, saa 2:10 usiku. Sebuleni mpira. Kwa mama habari, haipo. Saa 2:25, sebuleni wamezima kwa rimoti, taa nyekundu inawaka. Kwa mama bado haipo. Saa 2:30, nimechomoa king'amuzi cha sebuleni kwenye soketi. Kwa mama imerudi."

Ilipofika siku ya tano nilijua mama hana kosa. Kosa la mtu anayebonyeza ovyo haliwi na mpangilio. Hili lilikuwa na mpangilio kama saa. Wakiwa kwenye mpira, kundi fulani la chaneli linapotea kwa mama, daima lilelile. Mama akiwa kwenye chaneli fulani, kundi hilohilo linapotea sebuleni. Siku za jua na siku za mvua, matokeo ni yaleyale. Na mara zote nilizochomoa king'amuzi kimoja kabisa kutoka kwenye umeme, kilichobaki kilipata chaneli zake zote.

Nikamtafuta fundi mwingine. Alikuja binti niliyemfundisha darasa la sita, akasomea ufundi wa umeme, sasa anajitegemea mjini. "Mwalimu, shikamoo." Nikaitikia, nikampa daftari kabla hajagusa ngazi. Alilisoma amesimama barazani, kurasa zote, kisha akasema, "Mwalimu, hii ni volti. Mmewekewa spilita." Alikuwa bado hajaingia ndani ya nyumba.

Sasa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe, na si gumu.

Kile kichwa kilichoko mbele ya dishi, mafundi wanakiita LNB, hakipokei kila kitu kwa wakati mmoja. Mawimbi ya satelaiti huja kwa namna mbili, ya wima na ya mlalo, na LNB ya kawaida yenye tundu moja husikiliza namna moja tu kwa wakati mmoja. Anayeiamuru ni king'amuzi, na amri inapanda kupitia waya uleule unaoshusha picha. Ukichagua chaneli ya wima, king'amuzi kinapeleka volti 13. Ukichagua ya mlalo, kinapeleka volti 18. Kuna na amri nyingine, mlio wa kilohezi 22, ambao sikio halisikii, wa kuchagua masafa ya juu au ya chini. Kwa hiyo kila unapobadilisha chaneli, unaweza kuwa unabadilisha kazi ya kile kichwa cha juu ya bati.

Binti yule alinionyesha kwa mita. Alifungua waya nyuma ya king'amuzi cha sebuleni, akagusisha ncha moja katikati ya tundu na nyingine kwenye chuma cha nje. Ikasoma 13.4. Akamwambia mjukuu abadilishe chaneli, aende kwenye ile ya mpira. Ikaruka hadi 18.2. Kijana alibaki ameshika rimoti, anatazama ile mita, harudishi macho kwangu.

Ving'amuzi viwili vikiunganishwa kwa spilita kwenye LNB ya tundu moja, kimoja kikitaka 13 na kingine 18, mwenye 18 ndiye anayeshinda. Mama alipokuwa na Misa yake ya wima na wajukuu mpira wao wa mlalo, kichwa kilimtii mwenye mpira. Mama alipofungulia chaneli ya mlalo, wao walio kwenye ya wima wakakosa. Hakuna aliyebonyeza vibaya. Na kuzima kwa rimoti hakukusaidia kwa sababu king'amuzi chetu kikilala bado kinapeleka umeme wake juu.

Mama alisikia tukizungumza, akauliza ni nini. Binti akaenda akakaa kando ya kiti chake. "Bibi, mfongo, huu mfereji wa maji wa hapa, mna zamu?" Mama akasema ndiyo. "Sasa mfongo ni mmoja, na wa juu amefungulia maji kwake. Wewe wa chini hata ufungue namna gani, utapata?" Mama akajibu hapohapo kwamba hawezi kupata, na kwamba tangu yeye ni msichana hajawahi kuona mtu wa chini akilaumiwa kwa kukauka mfereji. Maneno hayo aliyasema bila kumtazama mtu, lakini sote tulikuwa chumbani.

Matengenezo yenyewe nayaeleza kwa ufupi. LNB ya zamani ilitolewa, ikafungwa yenye matundu mawili, kila tundu linajitegemea. Ukavutwa waya mzima mpya kutoka dishini hadi chumbani kwa mama, haukukatwa popote. Spilita ikatolewa. Binti alipokuwa juu aliniita nione kiunganishi cha zamani: kilikuwa kimeingia maji, shaba imegeuka kijani. Akakikata, akafunga kipya, akakizungushia utepe wa mpira, kisha akauacha waya uning'inie kitanzi kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondokee pale chini ya kitanzi yasifuate waya hadi ndani. Dakika mbili za kazi, lakini yule wa kwanza hakuzifanya.

Sitaki kumtukana yule wa kwanza. Nimejaribu kuelewa alikotoka. Spilita ni kifaa halali kwa antena ya kawaida, ile ya mlingoti, kwa sababu pale ving'amuzi havipeleki amri yoyote juu, vinagawana tu mawimbi. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa huku kwetu, vijana wengi waliokuwa wakifunga antena walihamia kwenye madishi na mazoea yao. Lakini tangu hapo miaka mingi imepita. Anayechukua 50,000 ya mtu leo anatakiwa awe anajua volti 13 na 18. Na muuza duka anayeuza king'amuzi cha pili anatakiwa aulize swali moja tu: dishi lako lina LNB ya matundu mangapi? Mimi hakuna aliyeniuliza. Wadogo zangu kule Dar es Salaam hakuna aliyewauliza. Tuliuziwa nusu ya kinachohitajika, nusu nyingine ikalipwa na heshima ya mama.

Kwa wenye nyumba za vyumba vingi: ving'amuzi viwili vinataka matundu mawili na nyaya mbili, vinne vinataka manne. Zipo pia LNB za kisasa ambazo waya mmoja unahudumia ving'amuzi kadhaa, ila ving'amuzi vyenyewe lazima viwe vya kuweza hivyo, na kila kimoja kipangiwe nafasi yake. Viwili vikipewa nafasi moja, ugomvi unarudi palepale. Na ukitaka king'amuzi kimoja tu kionyeshe televisheni tatu, inawezekana, lakini vyumba vyote vitaona kitu kimoja. Fundi alitamke hilo kabla hujalipa. Unayejenga sasa hivi, mwite fundi wa dishi kabla ya plasta, apitishe mabomba ya nyaya kutoka darini hadi kila chumba, hata kama leo huna hela ya televisheni. Nyumba yetu ilibidi waya wa mama upite nje ya ukuta, na kila nikiuona unaning'inia pale nasikitika.

Jambo jingine ni malipo. Kila king'amuzi kina namba yake, na kulipia kimoja si kulipia vyote, isipokuwa kampuni yako imekubali kuviunganisha. Sisi tuliwahi kulipia cha sebuleni mara mbili kwa mwezi mmoja tukidhani moja ni ya mama, yeye akakaa gizani, na lawama tena ikamwangukia. Sasa namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila kimoja.

Nirudi kwenye rimoti, maana ile shutuma ya "Bibi anatubadilishia kutoka chumbani" ilinikera kuliko zote. Rimoti za ving'amuzi vyetu hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo haupiti kwenye tofali. Mtu yeyote anaweza kuuona: fungua kamera ya mbele ya simu, ielekezee ncha ya rimoti, bonyeza. Kwenye simu nyingi utaona kitaa cheupe au cha zambarau kinapepesa. Weka daftari katikati, kinapotea. Niliwakusanya wajukuu wote watatu, nikawafungia mlango wa chumba cha mama, mmoja akabonyeza mpaka kidole kikachoka. Sebuleni hakuna kilichobadilika. Mlango ukiwa wazi na chumba kikiwa mkabala, mwanga unaweza kudunda ukutani ukafika, hilo ni kweli, ila chumba cha mama kiko nyuma, baada ya kona ya korido. Vipo na vifaa vinavyobeba amri ya rimoti kwa mawimbi ya redio, hivyo hupita ukuta, lakini sisi hatuna.

Penye kosa la kweli la rimoti ni pale ving'amuzi vya aina moja vinapowekwa mahali pamoja. Mdogo wangu ana vyumba vya wageni Arusha, upande wa Sakina, na katika ukumbi wa chakula aliweka televisheni tatu, ving'amuzi vitatu vya aina moja kwenye rafu moja. Rimoti moja ikibonyezwa, vyote vitatu vinahama. Akadhani vimelogana, akataka kuvirudisha dukani. Dawa ilikuwa kuvitenganisha, kila kimoja kikae chini ya televisheni yake, kimoja kikageuzwa kidogo na kuwekewa kipande cha kadibodi ubavuni. Haikugharimu hata shilingi.

Ninachoomba kwa mafundi wa Moshi na Arusha, na najua wengi wenu ni wanafunzi wangu au wa wenzangu, ni karatasi. Mkimaliza kazi, andikeni: dishi linatazama satelaiti gani, LNB ya matundu mangapi, waya upi unakwenda chumba kipi, rimoti ipi ni ya king'amuzi kipi, tarehe. Bandikeni nyuma ya televisheni. Binti yule alituandikia bila kuombwa, na mwezi uliopita umeme ulipopiga ukaunguza king'amuzi cha sebuleni, fundi aliyekuja hakupapasa. Alisoma, akabadilisha, akaondoka.

Na kwa watoto wenzangu wa wazee: mama yako akikuambia hajabonyeza kitu, mwamini kwanza, kisha panda darini. Desemba nyumba zetu hujaa, watu wanarudi kutoka kila kona ya nchi, televisheni zinaongezwa vyumbani kwa haraka ili kila mtu aone chake. Wengi watafungiwa spilita wiki hiyo. Na mwenye kulaumiwa atakuwa yule anayebaki nyumbani Januari, peke yake, ameshika rimoti.

Mimi nilimwomba mama radhi mbele ya wajukuu wote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpe leso yake iliyo chini ya mto. Akafungua vile vifundo viwili mwenyewe, polepole, akatoa rimoti, akauliza saa ngapi. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano.

Daftari lile bado ninalo. Fundi au mwenye nyumba anayetaka kuona jinsi nilivyoandika aje, nitamwonyesha.

Mwalimu mstaafu,
Uru, Moshi.